Kirundi cha Baba

Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, na huko baba alikuwa mkali kwa jambo moja tu: ndani ya nyumba yetu ni Kirundi. Kiswahili tukiongee shuleni na sokoni. "Siku moja tutarudi," alikuwa akituambia. "Sitaki mfike kwenu kama wageni."

Tulirudi kweli, tukavuka mpaka na kukaa Gatete, kwenye nusu ya shamba la babu. Nusu nyingine ilibaki kwa jirani tuliyemkuta akiishi hapo. Baba akapanda mihogo na kuanza kuvua ndagala, dagaa wa ziwani. Nilipopata mchumba, kijana wa Rumonge mjini, wazee wake walikuja kuniposa. Desturi ni kutafuta msemaji. Baba alikataa. Alitaka kusema mwenyewe.

Mimi na mama tulikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Tulimsikia akiwakaribisha wageni kwa Kirundi, polepole, kwa maneno aliyokuwa akiyapanga tangu mahari ilipotajwa. Kisha mtu mmoja akacheka. Msemaji wa wageni akauliza, "Muzee, hiyo ni Kirundi ao ni Kiha? Wewe iko Muha wa Kasulu?"

Kicheko kikaenea. Nadhani hawakuwa na nia mbaya. Lakini mama alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

Baba aliposema tena, alisema kwa Kiswahili.

"Mama yangu alinitoa hapa hapa Gatete nikiwa mgongoni. Kirundi changu nilikipata kwake, na majirani zetu kule walikuwa Waha. Kama kimeharibika, kimeharibikia njiani. Binti yangu musimuhesabie hilo."

Hakuna aliyecheka. Shangazi wa mchumba wangu akasema kwa upole, "Endelea, baba. Tunakusikia."

Akaendelea kwa Kiswahili hadi mwisho, na nikaolewa.

Tangu siku hiyo sijamsikia akisema Kirundi, hata na mama. Nikienda kumsalimu, naanza mimi kwa Kirundi. Anaitika kwa Kiswahili. Mwaka jana, tukianika ndagala, nilimuuliza kwa nini.

"Nikifungua mdomo wananiuliza natoka wapi," alisema. "Mwanangu, nimechoka kujibu."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi kwa wakwe zangu wananiita Mutanzania. Badala yake tuligeuza samaki mpaka jua likawa kali, kisha akaingia ndani kupumzika.