Lori Lisilotaka Kwenda Msambweni

Kipupwe kilipoingia, lori letu lilianza kunitukanisha. Asubuhi nikiteremsha breki ya mkono, mkono ulishuka vizuri kabisa, lakini magurudumu ya nyuma yalibaki yamekamatwa vile vile. Nikikanyaga mafuta, lanung'unika, halitoki. Ikifika adhuhuri, jua likishalipiga, laachia lenyewe, tena kwa adabu. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nililipiga teke siku moja, kidole changu kikavimba, lori likabaki pale pale.

Lingekuwa jambo la kupeleka madafu yangu sokoni tu ningevumilia, kwani wageni wa Galu hawafi kwa kungoja dafu. Lakini mamangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na katika hospitali ya Msambweni alitakiwa afike asubuhi na mapema apasuliwe. Mara ya kwanza lori lilikataa, zamu yake ikapita. Mara ya pili likakataa tena. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba jicho la kushoto likizidi kungoja, huenda lisiponyeke.

"Mama, twende na gari la kukodi," nikamwambia.

"Siendi na gari la watu. Babako, Mungu amrehemu, alinileta hapa Bongwe kwa lori hili nikiwa bi harusi. Nikienda kupasuliwa nakwenda nalo, ama siendi."

Basi. Mamangu akishasema "ama siendi", hata imamu hamuwezi.

Mtaniuliza, kwa nini nisiache kuivuta hiyo breki, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu kama wafanyavyo wengine? Uwanja wetu una mteremko. Zamani jiwe liliteleza, lori likashuka mpaka jikoni kwa jirani, likasimama juu ya sufuria ya wali. Tangu siku hiyo baba alitaka breki ivutwe kila jioni, nami nafuata.

Nikalipeleka Ukunda kwa fundi, mtu wa bara. Nilifika saa saba mchana, na wakati huo lori limeshajirudi, latii kama mwana wa chuoni. Akaivuta breki, akaiachia. "Madam, hii iko fiti. Ama unanicheza?" Hata hivyo akabadilisha viatu vya breki. Kesho yake asubuhi, yale yale. Jirani akachungulia uani akasema lori lina jini, lisomewe.

"Jini gani huyu," nikamjibu, "anayefanya kazi asubuhi na adhuhuri anakwenda kulala?"

Nikaapa wallahi sitaondoka chini ya lori lile mpaka nijue. Baada ya sala ya alfajiri nikatandika gunia, nikayazuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, nikaingia chini na spana. Baridi ilikuwa yaniingia mgongoni. Waya wa breki hupita ndani ya bomba jembamba, kutoka kwenye mkono hadi nyuma. Nikaufungua, nikauvuta. Ulitoka kwa shida, umevikwa kitu cheupe kilichochanganyika na vumbi. Nilidhani grisi. Nikakisugua kati ya vidole, kikayeyuka. Nikanusa.

Kilinuka kichwa changu nilipokuwa mdogo. Mafuta ya nazi!

Nikakimbilia jikoni. Chupa ya mama ilikuwa rafuni, imeganda nyeupe pepepe, kama igandavyo kila kipupwe mpaka tuianike juani ndipo tuchane nywele. Na nani hukaa ndani ya lori kila alasiri, mkono wake umeegemea ile breki, ati amkumbuke marehemu? Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama! Umetia mafuta ya nazi kwenye breki?"

"Nimetia."

"Lakini si yaganda na baridi!"

Akajifunga leso upya, taratibu. "Mwanangu, mafuta hayo nayakamua tangu sijavunja ungo. Wewe ndiye wa kuniambia mimi yaganda lini?"

Lo! Nikakaa chini palepale, na spana mkononi.

"Naogopa," akasema. "Kisu ndani ya jicho, mwanangu! Uso wako sikumbuki niliuona lini mara ya mwisho. Lakini kivuli chako nakijua kikipita mlangoni. Wakikosea, nitakosa hata hicho."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nalia. Yote mawili kwa pamoja. Nikauosha waya kwa mafuta ya taa, nikalisafisha na bomba, nikatia grisi ya kweli, nikaurudisha. Kisha nikaja na mikono yangu michafu nikamwambia, "Mama, breki ya lori nimeitengeneza. Sasa imebaki yako."

Siku ya zamu mpya, nilipoteremsha mkono na lori likasogea, alikuwa ameshavaa buibui, amesimama anapapasa mlango.

Langoni mwa hospitali nikaivuta breki. Akaisikia.

"Itaachia?"

"Itaachia, mama."

Wake mkono ndio haukuniachia, mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Bandeji ilipotolewa, alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi," akasema. "Na mimi nilikuwa najinyima uso huu kwa chupa ya mafuta."