Hapana ya Kwanza

Mwalimu wetu mkuu hakutuficha kitu. Asubuhi ile, basi la shule likinguruma getini hapo Kitale, alisema, "Mkirudi bila cheti, hiyo klabu yenu ya mijadala naifunga." Tulikuwa wanne, mimi ndiye kiongozi.

Tulikuwa tunaenda Bungoma, ambako chuo kikuu kilikuwa kimeanzisha baraza la mataifa la kuigiza kwa shule za sekondari. Kila shule hupewa nchi, wanafunzi wakawa mabalozi kwa siku moja. Siku hizi wana ukumbi na vipaza sauti. Mwaka ule, wa pili tu, tuliketi kwenye bwalo lenye harufu ya maharagwe, na vibao vya nchi vilikuwa vimekatwa kutoka kwa maboksi ya sabuni. Sisi tulikuwa Uganda. Mada ilikuwa maji ya Mto Nile.

Kikao kikiendelea, mabalozi wa nchi tofauti hawakuruhusiwa kuzungumza wao kwa wao. Ukiwa na neno unaandika kikaratasi, na mwanafunzi wa chuo anakipeleka.

Saa nne hivi kikaja kikaratasi kutoka Misri, yaani mvulana wa shule moja ya Bungoma mjini, tai imemkaa ajabu. Alitaka tutie sahihi azimio lake, naye angeingiza kifungu chetu kuhusu wakulima. Vyeti vilikuwa vya nchi zitakazotia sahihi azimio litakalopita, na lake lilikuwa linapita wazi. Nikaandika: "Hapana."

Msinicheke. Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe sokoni Chwele, na nimekua nikimwona akikataa. Mnunuzi akitaja bei, baba anasema hapana, kisha anamgeukia ng'ombe na kumpapasa mgongo. Yule mtu anaondoka, anazunguka soko, anarudi. Ukikubali mara ya kwanza, watu wanauliza ng'ombe wako anaumwa nini.

Basi nikamsubiri Misri arudi. Nilipanga kalamu zangu, nikazipangua.

"Atarudi kweli?" mwenzangu akaninong'oneza.

"Tulia bana. Atarudi."

Nilisema hivyo huku naogopa. Kikaratasi cha Misri nikakiona kikipita meza yetu, kikaenda kwa Sudan. Sudan akatia sahihi palepale, bila hata kukohoa. Mwenyekiti akagonga meza, orodha ya sahihi ikafungwa. Azimio lilipopita watu walipiga makofi, nami nikapiga, mjinga mimi.

Wakati wa chai nilimwendea yule mvulana. "Mbona hukurudi?"

Alinishangaa. "Si ulikataa?"

Jioni tukapanda basi kurudi. Tulipopita Chwele, watu wakipakia ng'ombe kwenye pickup, niliinamisha kichwa nisije nikamwona baba. Getini mwalimu mkuu alikuwa anatusubiri, mikono nyuma. Nilimweleza yote, nikilia.

"Kwa hivyo ukakataa," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Halafu wakaongeza nini?"

"Hawakurudi, mwalimu."

Alinikazia macho. Yeye mwenyewe alizaliwa Chwele. "Ati hawakurudi? Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Hao ni watu gani sasa?" Akaenda zake ofisini bila kusema neno juu ya klabu, na usingizi wangu ukaisha kwa siku kadhaa.

Aliponiita, nilijua mambo yamekwisha. Kumbe alikuwa ameandika barua kwa chuo, akiomba kwamba mwakani nchi ikikataa iulizwe tena kabla ya orodha kufungwa. Nilitumwa kuipeleka posta mimi mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Alinipa nilisome kwa sauti: ombi limekataliwa, sheria za baraza hazibadilishwi. Nikangoja aseme sasa klabu basi.

Alikuwa anatabasamu.

"Vizuri," akasema, akivuta kiti karibu na meza. "Wameanza kuongea. Niletee karatasi nyingine."