Mausi Iliyoninyima Mchumba

Kosa ni langu. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili usipoteze muda kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Mwanaume hakunitenda, ndugu zake hawakunitenda, wala hakuna mganga aliyenifunga nyota. Nilijinyima mume mwenyewe, mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti changu, nimeshika mausi ya kompyuta. Ndiyo, mausi! Cheka tu. Hata mimi huwa nacheka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Morogoro, niliyepangiwa kazi Kasulu. Nafundisha Jiografia. Nina tabia mbili nitakazokuambia waziwazi: napenda mambo yawe kwenye mpangilio, na napenda kujua. Kila kitu nataka kujua. Nani kahama, nani kagombana na nani, kwa nini gari la mbao limesimama mbele ya nyumba ya mkuu wa shule. Rehema, mwalimu mwenzangu kutoka Tanga tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, aliniita "Taarifa ya Habari". Nami nikaona ni sifa!

Mwaka ule tableti ndiyo kwanza zilianza kuonekana mjini Kasulu. Nikanunua yangu, na fundi wa pale stendi akaniuzia kile kiwaya kifupi wanachokiita OTG: upande mmoja unaingia kwenye tableti, upande wa pili unachomeka kibodi au mausi. Basi! Nikawa nachapa mitihani ofisini kwa kibodi kamili, tableti imeegemea boksi la chaki, walimu wamenizunguka. "Madamu ana kompyuta ya kuweka kwenye mkoba!" Kichwa kikavimba. Nikajiona mhandisi.

Ndipo Domitila akaangusha simu yake.

Domitila (jina nimelibadilisha, kama ya wengine wote humu) alikuwa karani wa shule yetu, mzaliwa wa Heru Juu, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na rafiki yangu wa kwanza huku kwenye baridi. Ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa muhogo. Simu yake ilidondokea jiwe akiwa anaanika maharage, kioo kikapasuka. Ukiiwasha unaona kila kitu, ila ukiigusa haisikii. Na ndani yake zilikuwamo picha za mama yake, aliyefariki mwaka mmoja kabla.

"Madamu, wewe na mitambo yako hushindwi," aliniambia siku ya Ijumaa. "Nitolee picha za mama tu, uziweke kwenye memori kadi. Kesho naenda Kibondo kumsalimia kaka. Simu nitaichukua Jumapili."

Huyo kaka sasa. Moyo unaniuma hata kuandika. Evarist alikuwa mfuga nyuki kule Kibondo. Kila akija Kasulu kuuza asali alipitia kwa dada yake, na kila alipopitia kwa dada yake, kikombe cha asali kilifika kwangu. Mtu mpole, anaongea taratibu, akicheka anaziba mdomo. Miezi minane ya asali, na hakuwahi kutamka neno! Mimi niliyekuwa najua habari za kila mtu, ya kwangu ilinishinda: ananitaka huyu, au ananigawia tu kama jirani wa dada yake? Nilikuwa namtaka. Nilikuwa namtaka hadi nikawa nalamba asali kwa kijiko kidogo ili isiishe.

Sasa fuatana nami hatua kwa hatua.

Jumamosi saa nne asubuhi niliweka simu ya Domitila mezani, nikachomeka kiwaya, nikachomeka mausi. Juu ya kile kioo kilichopasuka kikatokea kimshale! Kidogo, cheusi, kinatembea juu ya nyufa. Rehema aliacha vyombo alivyokuwa anaosha, akaja na mapovu mikononi. "Haki ya Mungu," akasema, "mfu kafufuka!"

Nikazihamisha picha kwenye kadi. Kumi na saba. Nikazikagua moja moja. Rehema akarudi kwenye beseni lake. Saa nne na nusu kazi niliyopewa ilikuwa imekwisha.

Saa nne na dakika thelathini na moja nikafungua meseji.

Sikutumwa! Hakuna aliyenilazimisha! Nilijidanganya kwamba nataka kuhakikisha kama meseji nazo ni nzima. Nzima ili iweje? Kimshale kikashuka, kikapita meseji za mkuu wa shule, kikapita za mwenye duka, kikasimama kwenye jina "Shangazi Titye". Mstari uliokuwa unaonekana ulianza hivi: "Yule mwalimu wako..."

Wewe ungezima simu. Mimi nilivuta kiti.

Zilikuwa meseji za wiki sita. Shangazi yao huyo, dada wa marehemu baba yao, anayeishi Titye, ndiye mwenye kauli kwenye ndoa za ule ukoo. Alikuwa amempa Domitila kazi ya kunichunguza kabla hawajaleta posa. Posa! Kwangu! Na alivyouliza ungedhani yuko mahakamani. Anaamka saa ngapi? Anasali? Jembe anashika, au anashika chaki tu? Ugali wake una mabonge? Naye Domitila alijibu kila swali kwa haki. "Anaamka saa kumi na moja." "Jembe anajaribu, ila anachoka mapema." "Mabonge yamepungua."

Swali la mwisho la shangazi lilikuwa hili: "Si mpekuzi? Kila nyumba ina mambo yake."

Domitila alijibu: "Shangazi, kwa hilo naapa. Hapekui mambo ya mtu."

Alikuwa ananijua! Kila jioni nilikuwa namletea habari za mtaa mzima. Akanifichia, kwa kuwa alitaka niwe wifi yake. Nami nilikuwa naisoma hiyo meseji ndani ya simu yake, bila ruhusa yake, na sikuona hata chembe ya aibu. Nilipiga kigelegele.

Hapa ndipo mkono uliponiponza. Kompyuta nilijifunzia chuoni, na tulifundishwa hivi: ukitaka kufungua kitu, bofya mara mbili, haraka haraka. Mkono ukazoea. Pembeni ya jina la shangazi palikuwa na picha yake ndogo, amejifunga kilemba. Nikataka kumwona vizuri mkwe wangu. Nikabofya mara mbili. Kumbe mbofyo wa kwanza ulifungua kisanduku chenye alama ya kupiga, na wa pili ukaigonga hiyo alama. Sikuona. Nilikuwa nimeshageuka.

"Rehema! Wananichunguza! Njoo usikie!" Nikaanza kumwigiza shangazi, kwa sauti ya kukwaruza na lafudhi yote ya Kiha niliyoiokota sokoni. "'Jembe anashika?' Jamani, huyu bibi anamtafutia Evarist mke, au anajitafutia kibarua wa shamba la muhogo?"

Rehema alicheka hadi akakaa chini. "Na bwana harusi mwenyewe je?"

"Evarist? Mwanaume mzima na ndevu zake, anangoja shangazi amruhusu! Akija hapa ananuka moshi wa mizinga, namwambia akaoge kwanza ndipo nimpe jibu!"

"Shoga, wewe si unamtaka?"

"Namtaka nini! Nitawazungusha kwanza. Waje mara tatu, na mara zote tatu watanikuta nasahihisha mitihani."

Uongo mtupu! Wangekuja siku ileile ningewapokea na kandambili zangu. Ilikuwa furaha, nakuapia. Wenzangu wakifurahi huimba. Mimi hukejeli.

Nikaigeukia simu niendelee kusoma. Meseji hazikuwapo tena. Palikuwa na picha ya shangazi, imejaa kioo kizima, na chini yake namba zinakimbia. Dakika moja na sekunde arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili.

Nikaidaka mausi. Meza yangu ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua, kinang'aa, na mausi ile haijawahi kupatana nacho. Kimshale kikawa kinaruka kama panzi. Kitufe chekundu kiko huku, kimshale kiko kule! Nikavuta kwa nguvu, kiwaya kikachomoka, kimshale kikapotea. Nikagusa kioo kwa kidole, kwa vidole, kwa kiganja kizima. Ng'o!

Nikainamisha sikio. Ikatoka sauti ndogo, tulivu kabisa: "Endelea, mwanangu. Nakusikia vizuri."

Rehema ndiye aliyeinyakua, akafungua mfuniko wa nyuma, akabandua betri.

Jumapili jioni Domitila alibisha hodi. Siku zote alikuwa anaingia tu.

"Picha umezipata?"

"Zote kumi na saba, Dada Domi. Naomba unisikilize..."

"Nashukuru kwa picha." Akachukua simu na kadi, akavifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akaniangalia. "Shangazi alimpigia kaka palepale, mimi nimekaa naye. Mdomo wako naujua, Madamu. Hayo maneno ungemwambia shangazi usoni angecheka, na yeye ana mdomo. Ila aliniuliza swali moja tu: meseji zangu kazisomaje? Mimi niliyeapa!"

"Nilikuwa natania, dada. Nilifurahi tu."

"Ego," akasema. Kwa Kiha ni ndiyo, lakini ndiyo ile ilikuwa ya kufunga mlango. Akaenda zake.

Wiki mbili baadaye Evarist alikuja Kasulu. Nilikuwa nafagia uwanja, na nakiri nilikuwa naufagia kwa mara ya pili asubuhi ileile. Akapita. "Habari za kazi, Mwalimu," akasema, kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa utovu wa nidhamu wa mwanaye. Zamani alikuwa ananiita kwa jina langu. Alishika kikombe kimoja tu cha asali, na kikaishia mlango wa jirani.

Nikasema hapana, mimi ni mtu mzima, nitakwenda kuomba radhi. Likizo ilipofika nikafunga kilo mbili za sukari na kitenge kipya, nikapanda bodaboda hadi Titye. Njia nzima nilikuwa najipa moyo: akinisamehe, huenda posa ikafufuka.

Shangazi nilimkuta anamenya muhogo. Mfupi, mkavu, macho makali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sauti hii naijua. Ndiwe wa kwenye simu."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilishakusamehe siku ileile. Tena uliniigiza vizuri! Niliwaambia majirani, wakataka nikupigie urudie." Akacheka, meno yote nje. Nikacheka nami, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akapokea sukari, akakisifu kitenge, akanikaribisha ndani, akaniletea ugali na maharage. Moyo ukachanua! Nikawa nahesabu kichwani ni mwezi gani mzuri wa harusi.

Akasema anakwenda jikoni kuchukua maji ya kunawa. Akafika mlangoni, akasimama kidogo. Kisha akarudi taratibu hadi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na goti langu, akachukua kisimu chake kidogo cha vitufe, akakitia kifuani.

"Samahani, mwanangu," akasema kwa upole, akatoka.

Hakuwa na hasira hata kidogo! Angenitukana ningeshukuru. Nilinawa, nikala, nikaaga vizuri. Habari ya posa sikuigusa, wala yeye. Evarist kaoa mwaka huu, nesi wa kulekule Kibondo. Kadi ya mchango ililetwa ofisini kwetu, nami nikachanga kama wengine, kwa mwandiko mzuri.

Basi wewe unayenisoma, hasa wewe mwenye kiwaya chako na utundu wako, na mtaa mzima unakusifu: siku hizi simu ya mtu ni chumba chake cha kulala. Ukiombwa kutoa picha, toa picha. Zima, rudisha. Usijidanganye kwamba unatazama kidogo tu! Na kama humo ndani kuna jambo lako, liache. Likiwa la heri litakuja lenyewe kwa miguu yake, limevaa vizuri, na watu wazima wa kulisindikiza, litapiga hodi mlangoni kwako mchana.

Langu lilikuwa njiani.