Bajaji ya Mbwa Mmoja

Nilipokuwa nikiishi Buhare nilikuwa na mbwa wawili, madume wa tumbo moja, kila mmoja akinifika kiunoni, na sikuwa na gari. Niliwachukua Bunda kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamishwa, wakiwa wadogo wa kutosha kwenye boksi. Boksi lile tulipanda nalo basi bila maneno. Mwaka ulipopita, hakukuwa na basi, bodaboda wala bajaji iliyowataka.

Kufuga mbwa wa namna hiyo bila gari ni kutembea. Chanjo ya kichaa cha mbwa tulienda kwa miguu hadi ofisi ya kata, mimi katikati, kamba zikinichuna viganja, watu wakituachia barabara yote kama msafara wa waziri. Vichwa vya sangara vya kuchanganya kwenye ugali wao nilivibeba kichwani kutoka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, maji yakinitiririkia shingoni. Sikulalamika. Nilikuwa na kiburi nao, nisidanganye.

Walioniponza ni kupe. Msimu mmoja wa mvua walijaa masikioni mwa mbwa wangu hadi nikashindwa kuwang'oa. Mimi ni mtoto wa mfugaji wa Butiama. Kupe nimewajua kabla sijajua kushika kalamu. Basi siku nilipotoka kumsalimu mama, nikashuka Kiabakari, nikanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyumbani nikaichanganya kwa kipimo cha marehemu baba, nikaongeza kidogo, kama alivyoongeza yeye kupe walipokuwa sugu. Nikawapaka wote wawili mpaka ikachuruzika kwenye makucha. Sikuwasuuza, kwa sababu ng'ombe hasuuzwi. Kumbe mbwa ukimlowesha, kazi yake ya kwanza ni kujilamba.

Hata saa mbili hazikupita, yule mweusi akaanza kutokwa udenda, miguu ya nyuma ikilegea. Wa kahawia alikuwa amesimama vizuri tu, anajilamba ubavu. Nikatoka barabarani kutafuta bajaji. Dereva wa kwanza alicheka, akaondoka. Wa pili aliingia hadi getini, akachungulia.

"Anaumaga huyo?"

"Hata kusimama hawezi, baba."

"Mimi sibebagi mbwa, mama. Haya, weka huyo mmoja, tena juu ya gunia. Yule mwingine hapana."

Yule mwingine nikamwacha uani.

Daktari wa mifugo mjini alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Alimpapasa mbwa tumbo, akamfunua midomo, akaniuliza amekula nini. Hapo aibu ikanishika. Mimi niliyelelewa zizini, ninayewafundisha majirani kuchanja ndama, niseme nimekosea dawa?

"Sijui," nikamwambia. "Labda ameokota sumu ya panya."

Akaniamini. Kwa nusu saa nzima alihangaika na sumu ya panya ambayo haikuwepo, na mbwa akazidi kutetemeka, nami nimesimama pale nimeshika mkoba. Kisha akainama karibu na manyoya, akanusa.

"Mbona ananuka dawa ya josho?"

Nikasema ukweli. Hakunigombeza, alishafungua bomba la maji na kuchukua sabuni. Akauliza bila kugeuka:

"Umempaka huyu peke yake?"

Nilimpigia simu jirani yangu papo hapo. Nikamwomba aingie uani, ammwagie mbwa maji na sabuni, asiogope. Nilisikia mlango wake ukifunguliwa, kisha geti langu.

"Dada," akasema, "huyu ameshalala hapa chini. Hanyanyuki hata nikimwita."

Mweusi alipona siku ya nne. Wa kahawia nilimkuta jirani amemfunika kanga, na mdomo wake bado ulikuwa ubavuni, pale alipokuwa akijilamba.

Waliokuja kunipa pole walisema neno lilelile: ungekuwa na gari, ungewabeba wote wawili. Niliwaitikia wote. Ndiyo, niliwaambia, shida yetu sisi ni usafiri. Habari ya sumu ya panya sikumweleza hata mmoja.