Siku Nilipoosha Tangi la Boti kwa Sabuni

Nikiwasimulia hii msicheke mapema, ngojeni nimalize, kwa sababu hata leo nikiona lori la maji huwa nageuza uso upande mwingine, nikidhani dereva ni mmoja wa wale walioniona Jumapili ile nikielea kinyumenyume katikati ya Nile na wazee wa mchumba wangu ndani ya boti.

Ilikuwa miaka ile ya mkataba wa amani, Juba imejaa hoteli za mahema kando ya mto, na mimi nilikuwa mwendesha boti wa hoteli mojawapo. Jina langu hakuna aliyelitumia, nilikuwa "Kisumu" tu, na nilijivunia, kwa sababu nilikulia ufuoni na nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba hakuna injini ya boti inayoweza kunishinda (kumbukeni hayo maneno, yatarudi kunitafuta). Mchumba wangu Keji alikuwa karani wa benki, amelelewa Nakuru, Kiswahili chake kinanizidi hata mimi, lakini watu wake walikuwa wamerudi nyumbani kisiwani Gondokoro. Siku aliponipeleka kusalimia, shangazi yake Mama Poni, aliyekulia ukimbizini Uganda, alinishika mkono, akanivuta karibu, akaninusa kabisa, kisha akamwambia Keji nikisikia:

"Hii kijana iko muzuri. Lakini harufu ya petroli! Nyumba yako yote itanuka."

Jamani, niliumia. Basi ilipokubaliwa kwamba yeye na mjomba wa Keji, Mzee Lado, waje kula chakula cha mchana hotelini kwetu, na kwamba baada ya kula ndipo watasema kama naweza kuleta watu wangu kutoka Kenya au niache, niliapa kwamba siku hiyo hakutakuwa na harufu ya petroli Juba nzima.

Meneja akaniazima boti. Asubuhi na mapema nikaanza kufua. Nilijifua mwenyewe kwanza, halafu nikafua mito ya viti, nikafua jaketi za kuokolea watu maana zilikuwa zinanuka jasho la wageni, nikafua kamba ya nanga kwa sababu ya matope, vyote nikavianika kwenye kamba kati ya mahema. Na ilipobaki tangi, lile tangi jekundu la petroli linalokaa sakafuni karibu kabisa na miguu ya abiria, nikaliangalia, likaniangalia, nikalimwagia sabuni ya unga na maji ya mto, nikalitikisa mpaka povu likatoka mdomoni.

Ndiyo, mimi. Mtu ambaye kila siku nilikuwa namwaga petroli kupitia kitambaa kizito kwenye faneli, kisha naiacha itulie kwanza kwa sababu madumu ya mji huu leo yamebeba petroli kesho maji. Nilijua. Lakini jua lilikuwa linapanda, ibada Gondokoro inakaribia kwisha, nikaligeuza tangi kichwa chini, nikalikung'uta, nikajiambia litakuwa limekauka. Kitambaa cha kuchujia nacho kilikuwa kimefuliwa, kinachuruzika pale kambani, kwa hiyo nikajaza hivyohivyo. Nikavaa shati jeupe. Nikajipulizia marashi.

Kwenda kisiwani kulikuwa raha tupu. Maji yalinisukuma, injini nikaiendesha taratibu, inaimba vizuri. Mama Poni alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu na amebeba chupa yake ya maji ya kunywa, Mzee Lado ameshika fimbo, Keji ananipa macho ya kusema usiongee sana. Mama Poni alipopanda alinusa hewa, akanusa upande wangu, akatabasamu. Nawaambia ukweli, moyo wangu ulijaa.

"Baba," nikamwambia Mzee Lado kwa sauti kubwa, "kaa tu utulie. Na mimi kwenye injini, hakuna shida."

Nikaipa injini nguvu ili tupande mto. Pua ya boti ikainuka. Na kila kilichokuwa kimejificha kwenye kona za lile tangi kikateleza kuja nyuma, pale hasa mrija unapofyonzea. Tulikuwa tumefika karibu na mahali malori yanapochota maji, upande wa soko la Konyo Konyo, watu wamejaa, wengine wanafua, wengine wanaoga, injini ikakohoa. Nikajifanya sijasikia. Ikakohoa tena, ikazima.

Hamjui ukimya mpaka injini iwazimikie mtoni mbele ya wakwe. Nikavuta kamba ya kuwashia, nikavuta, nikavuta, na ule mto haukunisubiri, ukaanza kuturudisha tulikotoka, boti ikajigeuza ubavu. Nikapiga mbio kutafuta nanga. Nanga ilikuwepo. Kamba yake ilikuwa inakauka hotelini.

"Kijana," akauliza Mzee Lado kwa upole, "wapi zile nguo za kuelea?"

Niliwaza Mama Poni hajui kuogelea, niliwaza viboko kwenye matete kule chini, niliwaza Keji, na sikuweza hata kumtazama. Nikajibu: "Zinakauka, Baba." Huko ufuoni watu wa malori walikuwa wameshatuona, wengi wao Waganda, na wote wananijua.

"Kisumu! Wewe nafanya nini? Hoteli iko huku!"

"Kisumu, piga makofi, injini itasikia!"

Watu wakaacha kuoga ili watazame. Mimi nikakifungua kikombe kidogo cha chujio kilicho kwenye injini, nikamwomba Mama Poni chupa yake, akamwaga maji yake bila kuuliza, nikakimimina kile kikombe humo. Sote wanne tukainama kuangalia. Juu palikuwa na ukanda mwembamba wa petroli. Chini yake, maji. Na katikati (hili ndilo linaloniua), povu.

"Hiyo ni sabuni?" akauliza Keji.

Wakati huohuo Mzee Lado akadaka tawi la mti uliolala ukingoni mwa kijisiwa cha matete, akalikumbatia kwa mikono yote miwili, fimbo imeshakwenda na mto, na mzee wa watu akawa ndiye nanga yetu. "Haraka, ya weledi," akaniambia akihema, yaani haraka, mwanangu, na mimi nikaona mishipa ya shingo yake imesimama, nikajua akiachia tumekwisha.

Chini ya kiti changu kulikuwa na petroli ya akiba kwenye chupa ya plastiki, kama zile zinazouzwa kando ya barabara kule mtaa wa Hai Cinema. Iliokoka kwa sababu niliisahau nilipokuwa nafua. Nikauchomoa mpira wa petroli kwenye tangi, nikautumbukiza kwenye hiyo chupa, lakini lazima mtu aishike wima.

"Lete," akasema Mama Poni, akaiweka mapajani, juu ya kitenge kipya.

Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta, maji yakatoka, nikabana kile kipira cha kusukumia petroli kilicho katikati ya mpira, petroli ikaruka usoni kwangu, ikaingia kwenye shati, ikammwagikia Mama Poni mpaka magotini. Nikaendelea kubana mpaka ikatoka safi, nikafunga, nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena huku namwomba Mungu kwa Kijaluo, ikawaka, na ufuo mzima ukapiga vigelegele kana kwamba tumetoka kanisani kufunga ndoa.

Tulipanda mto polepole. Hotelini, njia ya kwenda mezani inapita kati ya mahema. Mama Poni akasimama mbele ya kamba yangu ya nguo: jaketi za kuokolea zimepangwa vizuri, kamba ya nanga, mito, kitambaa cha kuchujia. Akaviangalia kimoja kimoja. Akakiangalia na kitenge chake.

"Ulifua hii yote sababu yangu?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Akatangulia mezani. Walikula, mimi nikiwaongezea maji. Mwisho Mzee Lado, viganja vimechubuka, akasema watu wangu wasije kwanza. Mambo yatulie. Kwanza wanataka kumjua mtu wanayempa binti yao, si shati lake. Keji alilia kidogo, akawasindikiza nyumbani kwa boda boda kupitia darajani, kisha kwa mtumbwi.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Siku moja Keji akaniambia nikawachukue tena. Nilikwenda na nguo za kazi, jaketi zote, nanga na kamba yake yenye matope. Mama Poni hakupanda. Alisimama ufuoni, akaukamata ukosi wa shati langu, akaniinamia, akanusa kwa muda mrefu.

"Leo harufu iko," akamwambia Mzee Lado, akanyoosha mkono nimsaidie kupanda.

Tangu siku hiyo sijaosha tangi kwa kitu kingine ila petroli, na nyumba yetu yote inanuka.