Joram na Mpiga Matoazi

Joram Nyangwine nilimwona mara ya kwanza mwezi wa saba mwaka 1955, aliposhuka kwenye gari la sinema la serikali hapa Nyakunguru, kaptula imepigwa pasi, soksi zimefika magotini. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akigeuza maneno ya Wazungu kuwa Kikurya. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo, maana Agustina aliacha kushona ili amtazame.

Agustina, binti wa katekista, alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka. Mimi nilitengeneza baiskeli kwenye baraza hilohilo. Mke wangu alikuwa amefariki, na kwa miaka miwili nilitafuta siku ya kumwambia Agustina neno. Ng'ombe nilikuwa nao. Neno ndilo sikuwa nalo.

Joram yeye hakukosa maneno. Alikuwa mtoto wa mjane wa hapa hapa Tarime, akaenda vitani Burma, akarudi na lugha nne. Gari lilikuja karibu kila mwezi na sinema za vyoo na za kuogesha mifugo, naye akazifanya zichekeshe. Ng'ombe alipotumbukia kwenye josho, Joram alilia kwa sauti ya ng'ombe anayemwita baba, "Tata, maji ya leo ni baridi!" Agustina alicheka mpaka machozi. Kwangu alikuwa akija kuazima mafuta ya cherehani, basi.

Jioni moja wakaleta sinema ya Wazungu wanaopiga muziki. Watu kama themanini, suti nyeusi, wamekaa kwa safu. Mmoja mwenye kifimbo alitugeuzia mgongo. Hakuna aliyesema neno hata moja. Nikafurahi sana. Leo mkalimani hana cha kutafsiri.

"Mura, wanasema nini?" mzee Machage akapaza sauti, akimwita Joram kijana kwa Kikurya.

"Bado hawajasema, tata."

"Na huyo wa fimbo anapiga nini?"

"Hapigi kitu. Ni nyapara."

Watu wakacheka, lakini kidogo. Walipoona zile zeze zinazofanana na orutu ya Wajaluo, mtu akapiga kelele, "Kumbe Wajaluo wote wa Shirati wamehamia Ulaya!" Sasa walikuwa wakimcheka Joram kwa kukosa la kutafsiri. Wengine wakainuka waende zao. Nikamtazama Agustina, nikiomba na yeye ainuke.

Joram akasogeza kipaza sauti. "Tazameni nyuma kabisa, yule mzee mwenye upara. Ana matoazi magotini, kama yale ya kwenye Zaburi. Tangu mwanzo hajapiga. Mngojeni."

Wakakaa. Uwanja mzima ukamngoja mzee mwenye upara. Kila picha ilipomrudia, watu walisema kwa pamoja, "Bado!" Mwishowe akasimama, akayainua matoazi, akayagonganisha. Wanawake walipiga vigelegele. Agustina naye alisimama akipiga makofi, uso wake kwa Joram, wala si kwenye kitambaa.

Mwaka uliofuata ng'ombe wa Joram waliingia kwa katekista. Baiskeli ya kumpakia bibi harusi aliileta kwangu niikague. Nati ya gurudumu la mbele niliishika muda mrefu, nikiwaza mabaya. Kisha nikaikaza.

Mwaka 1958 alihamishiwa Mwanza. Gari lilisimama mbele ya duka, Agustina amekaa ndani na mtoto. Joram akashuka peke yake, akanipa mkono.

"Kaka Nikolaus, kabla sijapeleka ng'ombe nilimwuliza Agustina kama yupo mtu mwingine. Akasema yupo mmoja, amemngoja miaka miwili aseme neno."

Nilitazama vidole vyangu vyenye grisi. Nikavifuta kwenye suruali.

Joram akapanda gari, akainama dirishani.

"Yule mzee wa matoazi naye alikaa kimya sana, kaka," akasema. "Lakini alipiga."