Kadi Moja, Dada Wawili

Kiwandani tulimwita Kola, kwa sababu kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati. Mimi nilikaa cherehani ya pembeni yake, nashona mikono. Alikuwa na mdomo huyo mwanamke! Msimamizi akipita kuhesabu mashati, anamwambia, "Hesabu na nywele zetu, bosi, usije ukapata hasara." Hata msimamizi mwenyewe alikuwa anacheka.

Kila mwezi tulikatwa mshahara, tukapewa kadi ya matibabu. Kola, mwenye kisukari, aliishi kwa kadi hiyo. Mdogo wake alikuwa muuza nyanya sokoni. Hakuwa na mwajiri wa kumkata, basi na kadi hakuwa nayo. Na huyo kila asubuhi alilipa ushuru wa meza kabla hajauza hata nyanya moja. Kwa kupokea ushuru wake, nchi ilimjua. Akiugua, haimjui. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, na sitalisema kwa upole.

Lakini damu nzito kuliko maji, na wale wawili walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mdogo mtu akiumwa, Kola anamwazima kadi. "Ukifika pale wewe ni mimi," alimfundisha. "Watakachosoma kwenye faili, itikia. Usijitie maneno mengi." Nilikuwepo, nikacheka. Mungu anisamehe.

Jumanne moja mdogo mtu akaamka na homa, kifua kinambana. Kola hakuthubutu kumsindikiza, maana sura mbili zinazofanana mbele ya dirisha moja zingezua maswali. Akampa kadi, akampandisha gari, akaja kazini.

Kule hospitali wakafungua faili la Kola. Kuna sindano alishachomwa mara tatu bila tatizo. Muuguzi akauliza, "Dawa hii haikudhuru, siyo?" Mgonjwa akaitikia, kama alivyofundishwa. Kumbe ndiyo ileile iliyomvimbisha koo utotoni, nusura imuue. Yeye alikuwa mdogo mno, jina la dawa hakulijua. Aliyelijua ni Kola. Wauguzi walihangaika naye, maskini, lakini saa sita ya mchana haikumkuta hai.

Simu ikapigwa kiwandani kwamba Kola amefariki. Msimamizi akaja na uso umemshuka atutangazie msiba, akamkuta Kola kainamia cherehani. Akasimama pale, mkononi karatasi aliyoandika jina la Kola na la hospitali. Kola akamtazama, akaitazama ile karatasi. Mguu wake ukaachia pedali.

"Mdogo wangu," akasema.

Msimamizi si mtu mbaya. Alimvuta stoo, nami nikawafuata. "Sikiliza, dada," akamwambia. "Sema kadi ulipoteza, mtu akaiokota. Yule humjui. Kazi inabaki, na dawa zako zinabaki."

"Na yeye?"

"Manispaa itamzika."

Kola akakaa juu ya majora ya vitambaa. Nilitaka kumwambia akubali, maana nilijua sukari yake inavyompanda. Yeye akaniwahi, akasema, "Nimemnyima jina lake akiwa hai. Akiwa maiti nimnyime na ndugu?" Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani yake.

Wiki ile alifukuzwa, kadi ikafutwa. Polisi walimzungusha miezi miwili, wakachoka. Sasa anashona viraka kibarazani kwake, na dawa ya sukari ananunua akipata. Mara nyingine hapati. Mdomo ule umekwisha. Ukimtania anakuangalia tu.

Nilimsindikiza kwenye dirisha la hospitali siku ileile aliyovua aproni. Alitaja yeye ni nani na marehemu ni nani, karani akafuta, akaandika upya. Miaka yote mdogo wake alitibiwa pale, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa, kwenye kibali cha kuzika.